Juu ya Kuzihesabu Siku za Mwisho

Mwezi Januari wa mwaka 2020 tulikuwa Vwawa, mji mkuu wa mkoa wa Songwe, nchi ambayo mpaka mwaka 2016 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Watu walikuwa wamesimama mstari mrefu juani, nasi tulikuwa miongoni mwao, kwa maana serikali ilikuwa imeagiza kila mwenye simu aisajili laini yake kwa alama ya kidole, na siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa tarehe 20 ya mwezi ule. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka, akatutambua, akatuamkia kwa heshima, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kuna mhubiri amepita kwetu. Asema kidole hiki ndicho chapa ya mnyama katika Ufunuo sura ya 13, na ye yote atakayekiweka amekwisha kupotea. Je, ni kweli?"

Hatukumjibu upesi. Si kwamba tulikosa la kujibu. Tulimjua mama yule tangu utoto wake, na baba yake tulimjua, na neno tulilomjibu baba yake miaka 20 kabla ya siku ile lilitukaba koo. Neno hilo tutalieleza. Walakini kwanza yatupasa kurudi nyuma kidogo, maana sisi watu wa Nyanda za Juu za Kusini, toka Iringa mpaka mpakani mwa Zambia na Malawi, si wageni wa hesabu za siku za mwisho. Babu zetu waliingia katika hesabu hizo kabla yetu, na sababu walizokuwa nazo zilikuwa kubwa kuliko zetu.

Katika miaka ya 1908 na 1909, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mtu mmoja jina lake Elliot Kamwana alihubiri huko Bandawe kwamba Bwana atarudi mwezi Oktoba wa mwaka 1914. Mafundisho hayo aliyapata kwa watu wa Watch Tower, waliokuwa wakisoma vitabu vya Mmarekani Charles Taze Russell. Kwa miezi michache tu alibatiza watu maelfu, kisha serikali ya Waingereza ikamwondoa. Miaka ikapita. Hata ilipofika tarehe 9 Septemba 1914, Wadachi waliokuwa wamevuka mto Songwe walipigana na Waingereza Karonga. Fikiri, msomaji, wewe u mtu wa Unyakyusa au wa Karonga, umeambiwa miaka mitano mbele kwamba Oktoba 1914 ndio mwisho, na mwezi mmoja tu kabla ya Oktoba wasikia mizinga. Je, ungecheka? Sisi hatuthubutu kusema tungecheka.

Tena mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka kusini, wakaitwaa Tukuyu, iliyokuwa ikiitwa Neu Langenburg, na tarehe 29 Agosti wakaingia Iringa. Wamisionari Wadachi wa Berlin na wa Moravian wakachukuliwa kwenda kufungwa mbali. Wanaume wakakamatwa kuchukua mizigo ya vita, na huko mpakani watu hao waliitwa tenga-tenga, wengi hawakurudi. Chakula kikatwaliwa maghalani na majeshi ya pande zote mbili. Mwishoni mwa mwaka 1918 jenerali wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alirudi akipita Ubena na Mbozi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Na katika miezi ile ile yakaja mafua makali yaliyoenea dunia nzima, yakaua watu ambao vita ilikuwa imewasaza. Vita, njaa na tauni: soma Mathayo 24 na Luka 21, uone kama waliosema "haya ndiyo" walikuwa wapumbavu.

Ndipo wakaja wahubiri wengine wa Watch Tower, vijana waliotoka migodini Rhodesia ya Kusini. Mmoja wa wakuu wao aliitwa Hanoc Sindano. Walihubiri mpakani, upande wa Mwenzo na Abercorn, na habari zao zikavuka hata huku Mbozi. Walikesha wakiimba na kuomba, wakakataa kuchukua mizigo ya vita, wakasema siku za watawala wa dunia hii zimekwisha. Kwa neno la mizigo sisi hatuwalaumu. Yamkini hata sisi tungalikataa. Walakini wako walioacha na majembe yao pia, wakakaa kungoja. Mwanzoni mwa mwaka 1919 serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilikamata watu zaidi ya 100. Bwana hakuja mwaka ule, na mashamba yaliyolala yalikuwa yamelala.

Katika miaka ile ile walikuwako watu wengine, ambao habari zao husimuliwa kidogo kwa sababu hazina kishindo. Ni walimu wenyeji wa vituo vya misioni. Wamisionari wao walipochukuliwa, walimu hao walibaki bila mshahara na bila vitabu vipya. Wascotland wa Livingstonia walikuja kuwasaidia baadaye, na Wadachi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika muda huo wote walimu walikusanya watu siku ya Jumapili, wakafundisha kusoma, wakazika wafu wa mafua, wakalima mashamba yao wapate kula. Nao walikuwa na Mathayo 24 ile ile mikononi mwao. Hatujui neno lo lote jipya walilolihubiri juu ya mwisho wa dunia. Twajua tu ya kuwa makanisa tuliyoyakuta katika nchi hii yalisimama juu ya kazi yao.

Bibi yetu mzaa baba, mwenyeji wa Ubena, alikuwa mtoto katika miaka ya vita ile, na miaka ya nzige ilimkuta ni mama wa watoto. Alipenda kutusimulia habari ya nzige kuliko habari ya vita. Nzige wekundu waliifunika Afrika kusini ya ikweta tangu mwaka 1930 mpaka 1944. Walipoingia Ubena, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba shimo la kuzimu limefunguliwa, na kwamba hao ni nzige wa Ufunuo sura ya 9. Bibi alikuwa amejifunza kusoma, akaenda kuitazama sura hiyo usiku kwa mwanga wa moto. Asubuhi akamrudia yule mzee akasema: "Baba, nzige wa Yohana wamekatazwa wasiguse majani wala mti. Hawa wetu hawana kazi nyingine ila majani. Si wenyewe." Kisha akaenda shambani na watoto wake, wakapiga madebe wakiwafukuza, na waliobaki wakawakaanga, alisema Yohana Mbatizaji alikula nzige wala hakupungukiwa na utakatifu.

Shimo walimotoka nzige wale lilijulikana baadaye. Halikuwa kuzimu. Ni mabonde ya nyasi ya Rukwa, chini ya milima yetu ya Mbeya, na ya Mweru wa Ntipa nchini Zambia, ambayo hujaa maji na kukauka, na ndani yake nzige huzaliana. Tangu mwaka 1949 nchi hizi zimeweka watu wa kuyalinda mabonde hayo, na chama cha kazi hiyo leo kina makao yake Ndola. Mara nyingi twawaza juu ya jambo hili: kama watu wote wangaliridhika na jibu la yule mzee, ni nani angalishuka Rukwa kutazama?

Sasa tufike kwenye neno letu wenyewe, tulilokuwa tukilizunguka.

Mwaka 1999 tulikuwa tukifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mbozi, na Jumapili alasiri tulikuwa na darasa la Biblia la watu wazima. Tulikuwa kijana, tena tulipenda kusikilizwa. Mvua za El Niño zilikuwa zimevunja madaraja katika miaka ya 1997 na 1998. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam siku moja. Vita ilikuwa ikiwaka Kongo. Na redio ilisema kwamba mashine za kompyuta zitasimama mwaka 2000 utakapoingia. Sisi tukachukua chaki. Tukaandika ubaoni neno la Petro juu ya siku moja na miaka elfu, tukaandika siku sita za kuumba, tukaandika na hesabu ya Askofu James Ussher wa Ireland, aliyechapisha mwaka 1650 kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kwa hesabu yake miaka 6000 ilikuwa imekwisha mwaka 1997. Sisi tukaona miaka mitatu si kitu. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu akiisha kupenda jibu lake.

Hatukusema kwa kinywa kwamba Bwana atakuja tarehe fulani. Tuliuliza tu maswali, tukayaacha yaning'inie, na watu wakaondoka wakiwa kimya. Darasa likajaa. Walikuja hata watu wa vijiji vya jirani, nasi tulifurahi.

Mwezi Desemba, jioni moja, akaja nyumbani kwetu mkulima mmoja wa kahawa, mtu mpole, mwenye mke na watoto watano. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, naye alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Akatoa fedha zilizofungwa katika kitambaa, akaziweka juu ya meza. Akasema: "Mwalimu, hii ndiyo ada ya binti. Mvua imekwisha kunyesha nami sijapanda. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe umesoma. Nilime, nisilime? Nimpeleke mtoto, nisimpeleke?"

Wasomaji wapenzi, jibu lilikuwa jepesi. Mtoto wa shule ya Jumapili angaliweza kulitoa. Lakini tungalimwambia, "Lima, na mtoto aende," tungalikuwa tumeifuta hesabu yetu yote ubaoni kwa mkono wetu wenyewe, na habari ingalienea kijijini kesho yake. Tukamwambia: "Ndugu, kila mtu na afanye kwa kadiri ya imani yake."

Akafikiri kidogo, akazifunga tena fedha zake, akashukuru, akaenda.

Liko jambo ambalo hatukumwambia, wala hatukupata kumwambia mtu mpaka miaka mingi baadaye. Nyuma ya nyumba yetu tulikuwa na ekari mbili. Tulikuwa tumekwisha kuzipanda mahindi mwezi Novemba, mvua za kwanza, na mbolea tumetia.

Mkulima yule alipanda robo ya shamba lake tu. Ada ya binti ilinunua vyakula vya watu waliokesha nyumbani kwake katika juma la mwisho la mwaka. Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2000 majogoo waliwika Mbozi nzima. Watu wakatoka nje, wakatazamana, wakaenda kukamua ng'ombe. Nafasi ya yule binti sekondari ikapita. Mwaka ule kulikuwa na njaa nyumbani mwao, na ng'ombe wawili waliuzwa kwa ajili ya chakula. Yeye hakutulaumu hata siku moja. Alitusalimu njiani kama siku zote, akiinua kofia yake, na salamu ile ilikuwa nzito kwetu kuliko matusi. Alifariki mwaka 2007. Tulikwenda maziko, tukachukua zamu yetu ya kufukia, wala hatukuwa na ujasiri wa kusema neno.

Tulidhani kwanza kwamba kosa letu ni la hesabu. Miezi miwili na nusu baada ya sikukuu ya mwaka mpya, tarehe 17 Machi 2000, tukasikia habari ya Kanungu nchini Uganda. Huko viongozi wa kundi moja walikuwa wamefundisha kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukiisha. Haikuisha, watu wakaanza kudai mali zao walizotoa, na siku ile mamia wakateketea ndani ya jengo lililofungwa. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula mpaka wamwone Yesu. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Wengine wa watu hao walikuwa wameacha kwanza shule, kisha hospitali, kisha kadi za serikali, hata mwisho wakaacha kula. Tuliposoma habari hizo tulikiona kile kitambaa cha fedha juu ya meza yetu. Hatusemi kosa letu lilikuwa sawa na lao. Twasema njia ni moja, nasi tulimtembeza mtu hatua mbili juu yake, ya shamba na ya shule, wakati sisi wenyewe hatukuitembea hata moja.

Tangu siku hizo tumesoma mara nyingi Waraka wa Pili kwa Wathesalonike. Watu huupitia upesi kwa kuwa ni mfupi. Katika sura ya 2 Paulo asema na watu walioambiwa kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo; wamefadhaika, tena yaonekana kulikuwa na barua iliyotumwa kwa jina lake ambayo hakuiandika. Katika sura ya 3 awaonya wale wasiofanya kazi, wanaozunguka wakijishughulisha na mambo ya wengine. Asema asiyetaka kufanya kazi asile. Wako wasomaji wengi wazionazo sura hizi mbili kuwa maneno mawili mbalimbali, moja la unabii na moja la uvivu. Sisi twaziona kuwa ugonjwa mmoja. Mtu akiambiwa mwisho ni kesho, jembe humwanguka lenyewe. Wala Paulo, aliyengoja kuja kwa Bwana kuliko sisi sote, hakuacha kufanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Yeremia naye, katika sura ya 29, aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani na kuoza watoto wao, na ujumbe huo wakati ule ulichukiwa na manabii waliosema mambo yatakwisha upesi.

Hatuandiki haya kumcheka mtu anayengoja. Sisi nasi twangoja. Bibi yetu alikufa akingoja, na jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta, lina udongo wa jana yake.

Basi turudi Vwawa. Tulipokuwa tungali kimya, yule mama, ambaye ndiye binti wa mkulima yule, alisema: "Mwalimu, usiku ule baba alipokuja kwako nilikuwa uani nimemshikia taa. Nilisikia ulivyomjibu. Leo nijibu ndiyo au siyo."

Watu wa mstarini walikuwa wakisikiliza. Tukamwambia, "Siyo."

Kisha tukamweleza kwa maneno machache, maana mstari ulikuwa ukisogea. Chapa ya Ufunuo 13 mtu huwekewa, katika mkono wa kuume au kipaji cha uso, nayo ni ahadi ya kumsujudia mnyama. Mistari hii ya kidole hukuwekewa na serikali wala na kampuni ya simu. Ulizaliwa nayo, Mungu aliichora tumboni mwa mama yako, na mashine huisoma tu. Hesabu ya 666 wako wataalamu wengi waonao kwamba ni jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, kwa maana makanisa saba ya Asia yaliyosomewa kitabu kile kwanza yaliishi chini ya utawala wa Rumi. Tena ukitaka kujua kama kuandikishwa ni dhambi, fungua Luka sura ya 2: Mariamu mjamzito alikwenda Bethlehemu na Yusufu kwa sababu ya orodha ya Kaisari, na Bwana wetu alizaliwa katika safari ya kuandikishwa. Kama serikali itaitumia vibaya orodha yake, hilo ni jambo jingine, na raia ana haki ya kuuliza. Walakini aulize kama raia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na wewe utaweka?"

"Tutaweka. Ndiyo maana tuko hapa."

"Basi tangulia."

Akatupisha, tukasimama mbele yake. Tulipofika mezani tukaweka kidole gumba, na mashine ikakataa. Kijana aliyeketi pale akasema vidole vya wazee vimelika, akatupa kitambaa kibichi tufute. Tukaweka tena, ikakataa. Mara ya tatu ikakubali. Tukageuka, tukampa yule mama kitambaa, naye akakifuta kidole chake pole pole, kidole kigumu cha mtu wa jembe, akakiweka.